Mtaa Gani wa Tabora Hauna Wanyamwezi?

Mpendwa Bibi Mshauri,

Nakuomba uniokoe kabla sijapanda treni ya kurudi kwetu, maana nimeshafika mahali ambapo mtu mzima anakaa jikoni peke yake akizungumza na nazi, na jina langu nakuomba ulifiche kabisa, wala usiandike kwamba mimi ni Mzaramo mwenye magunia ya nazi hapa Isevya, kwa sababu Mzaramo wa namna hiyo yuko mmoja tu.

Mimi nilikuwa mpishi katika behewa la chakula kwenye treni kwa miaka kumi na minne, Dar es Salaam mpaka Kigoma na kurudi, nikiwapikia Wazungu supu na viazi vya kuponda na kitu kimoja cheupe kinachotetemeka kwenye sahani ambacho mpaka leo sijui kwa nini watu wanakila, na muda wote huo nilikuwa nikijiambia kwamba siku nikiacha kazi nitafungua hoteli yangu mwenyewe nipike chakula cha kwetu Kisarawe, chakula cha marehemu mama yangu, wali wa nazi, kisamvu cha nazi, papa mkavu, na bada, yaani ugali wetu wa muhogo, basi nikamwoa Swaumu, Mnyamwezi wa hapahapa mjini, tukapata nyumba ndogo Isevya, na mwaka huu nikaacha kazi nikaenda kwa Bwana Afya, akakagua sufuria zangu na kucha zangu, akaridhika, akanipa karatasi ya kibali ambayo imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja, nao ni mahali hoteli itakapokuwa, na mstari huo nisipoujaza kufikia mwisho wa mwezi huu karatasi inakufa, na mahali penyewe ndipo sipapati.

Sipapati kwa sababu ya watani. Wewe unajua kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakibeba pembe kutoka huku kwenda pwani na babu zetu wakiwangoja njiani, kila mmoja akamwita mwenzake mtumwa wake, na mpaka leo mtani akija kwako anachukua kitu chako mchana kweupe na wewe huruhusiwi kukasirika, ukikasirika ndio umepatikana, unatozwa kuku na watu wanacheka. Mila hiyo naijua vizuri, lakini mimi nililelewa na mjomba wangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, naye alinifundisha kwamba mtu akikusema vibaya unainamisha kichwa na kumwambia ahsante, kwa hiyo mimi kutukana sijui, nikijaribu ulimi unakauka nabaki kusema shikamoo.

Nilianza na stesheni, nikaona pale pana abiria wa Kigoma na wa Mwanza wanaongoja treni saa nyingi na njaa zao, nikaagiza gunia la nazi kutoka pwani, lakini wachukuzi wa pale wote ni Wanyamwezi na mkubwa wao anaitwa Ngollo, mtu mwenye kifua kama mlango wa bohari, naye alipolishusha gunia akauliza la nani, akaambiwa la Mzaramo, akasema, "Alaa! Mtumwa wetu katuletea mipira," wakalifungua wakapanga timu mbili palepale kando ya reli, wachukuzi wa mizigo ya Kigoma na wachukuzi wa mizigo ya Mwanza, miguu mitupu, wakacheza mpaka mmoja akaumia kidole akaja kunidai mimi pole, kisha wakapasua nazi sita wakanywa maji yake, wakaniita nije kuwapongeza washindi, nami, Bibi Mshauri, nilikwenda nikawapongeza.

Nikasema basi nihamie njia iendayo Kipalapala, kwa vijana wanaosomea upadre, maana watu wa dini watakuwa na haya, nikawasha moto kando ya njia nipike sufuria moja ya kujaribia, mara akatokea katekista mmoja anaitwa Kasimiri juu ya baiskeli, mpole, shati jeupe, rozari shingoni, akanusa, akauliza kabila langu, nami nikamwambia ukweli kwa sababu ya ile rozari, basi akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba juu ya sufuria, akaiombea sala ndefu sana, akamwombea na aliyepika, akasema amina, nami Mwislamu nikaitikia amina kwa adabu, halafu akaifunga sufuria nyuma ya baiskeli akaondoka nayo na wali wangu. Aliirudisha kesho yake, imesuguliwa inang'aa, ndani ameweka michembe, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na kikaratasi kimeandikwa, "Ongeza chumvi, mtumwa."

Hapo ndipo nilipofanya jambo la aibu ambalo ndilo hasa linaloninyima usingizi, kwa sababu niliona Wamanyema wa Ng'ambo wanapika na kuuza na hakuna anayewapora sufuria, nikapanga chumba kule, nikaandika ubao HOTELI YA KIMANYEMA KARIBUNI, nikamwambia kila aliyeuliza kwamba mimi ni Mmanyema, na siku ya pili akaja bibi mmoja Mmanyema mkongwe, Bibi Mwanamkuu, anatembelea fimbo, akakaa mbele yangu akazungumza nami Kimanyema kwa muda mrefu huku machozi yakimlengalenga, na mimi sikujua hata neno moja, nikaona nisipojibu nimeumbuka, basi nikamjibu kwa majina ya stesheni, nikiyasema harakaharaka, "Malongwe, Itigi, Saranda, Kilosa, Ngerengere," na yule bibi akanishika mikono akalia, akasema lugha ya namna hii hajaisikia tangu afe babu yake.

Ijumaa yake akaja nyumbani kwangu pamoja na wazee wawili na mjukuu wake amejitanda kanga mpya, wakasema ukoo haufai kupotea, wamekuja kunipa mke, na aliyewafungulia mlango ni Swaumu. Swaumu aliwakaribisha, akawapa chai, akawaeleza mimi ni nani, wakaondoka bila kuniangalia, kisha akaenda Ng'ambo akaung'oa ule ubao, akaupasua kuni, akapikia kunde za karanga, akaniambia, "Unaona haya kuwa mtani wetu lakini huoni haya kuposewa kwa majina ya stesheni." Nikamwambia basi turudi Kisarawe. Akasema mimi nirudi, yeye hapandi treni, na kama nitabaki nibaki kwa kabila langu. Kaka yangu kule nimeshamwandikia barua kwamba narudi, lakini Swaumu nampenda, Bibi Mshauri, na nikifikiria kule shambani kwa kaka bila yeye naona hata nazi hazitakuwa na ladha.

Pamebaki mahali pamoja tu na napo hapafai, ni kona ya hapa Isevya, njia ya stesheni inapokutana na njia ya sokoni, pana baraza kubwa lenye kivuli na kila mtu anapita hapo, lakini ni baraza la Shaban fundi cherehani, mtani mbaya kuliko wote, ambaye nimemwamkia shikamoo kila siku tangu nihamie na kila siku anajibu, "Shikamoo yako ipeleke Kisarawe, hapa lete nazi!" na siku hizi nazunguka nyuma ya msikiti nisipite mbele yake, naye akiniona kwa mbali anasimama juu ya kiti anapiga kelele, "Jamani, mtumwa anatoroka!" na wateja wake wote wanageuka.

Sasa swali langu ni moja tu, nalo ni hili, ni mtaa gani hapa Tabora usio na Wanyamwezi, hata kama ni mdogo, hata kama ni uchochoro, nikaujaze kwenye karatasi ya Bwana Afya?

Ni mimi,
Mpishi Asiye na Mahali,
Isevya, Tabora.

BIBI APOLINARIA ANAJIBU:

Mpishi,

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Mhariri amejifungia ofisini anacheka, lakini jina nimelificha.

Tulimalize swali lako kwanza. Mtaa wa Tabora usio na Wanyamwezi haupo. Hapa ni Unyanyembe, bwana, ulitegemea wakae Wagiriki? Ukienda Gongoni tupo, ukienda Isikizya tupo na majembe mkononi, na hata kitanda chako mwenyewe nusu yake inalaliwa na Mnyamwezi, wala sijasikia ukimlalamikia Bwana Afya kwa hilo.

Pole kwa nazi. Pole na kwa wali, maana kuona sufuria yako inaondoka kwa baiskeli baada ya wewe mwenyewe kuitikia amina ni jambo la kumliza mtu. Ila kwa Bibi Mwanamkuu sikupi pole hata kidogo. Ngollo na Kasimiri walikutania. Wewe yule bibi ulimdanganya, na ulimdanganya katika lugha anayoililia. Leo hii, kabla hujaosha hata kijiko, nunua kuku, mchukue Swaumu, mwende Ng'ambo mkaombe radhi. Akikuchapa fimbo, simama vizuri achape.

Sasa tuje kwenye ujinga wako mkubwa, ambao si uongo, ni adabu. Umeshika nusu ya mila ukaiacha nusu nyingine. Unajua kwamba mtani akichukua hukasiriki. Hukujiuliza kwamba nawe unachukua? Ngollo alipozifanya nazi zako mipira, ilikuwa umvue kofia yake ya kazi uende nayo nyumbani ukapimie mchele. Kasimiri aliposhuka kwenye baiskeli na kufumba macho kusali, baiskeli ilikuwa hapo, haina mtu. Sala ndefu kiasi hicho! Ungefika Urambo.

Wewe ulifanya nini? Uliinamisha kichwa. Uliwapongeza. Nilipopata barua yako nilimtuma mtu aniulizie kwa siri hapo Isevya wanakuonaje, na jibu lililorudi ni kwamba watu wamekuchoka, si kwa nazi zako, bali kwa sababu unajiona. "Yule Mzaramo tumemchokoza miaka yote, yeye hajatujibu hata mara moja. Anatuona sisi si watu wa kutaniana naye." Hivyo ndivyo walivyosema. Unadhani unawaheshimu, kumbe umewafungia mlango usoni kila asubuhi kwa shikamoo zako. Mjomba wako Mungu amrehemu, lakini alikulea kwa ajili ya mji ambao hauna watu.

Nami ni Mnyamwezi wa Ndala, kwa hiyo, mtumwa wangu, ushauri huu nakupa bure. Wenzako wananunua gazeti.

Mahali. Stesheni hapafai hata kama Ngollo angehamia Mwanza, kwa sababu firimbi ikilia abiria anakimbia na kijiko chako mdomoni. Njia ya Kipalapala haifai, wale vijana wanalishwa hukohuko na wakitoka kutembea wanatoka na padre, mifukoni hamna kitu ila leso. Ng'ambo usikanyage kwa biashara mpaka Bibi Mwanamkuu atakapokwambia mwenyewe karibu. Hoteli yako iwe kwenye baraza la Shaban.

Usinizimie. Sikiliza. Pale zinakutana njia mbili na kivuli kipo mchana kutwa. Mtu anayengoja kanzu yake ipigwe pindo ana saa nzima ya kukaa na hana la kufanya ila kusikia njaa, na wewe uko pua kwa pua naye na kisamvu kinachemka. Zaidi ya yote, baraza ni la mtani wako, kwa hiyo huendi kuomba. Unahamia tu, mchana kweupe, na sufuria zako. Akikufukuza amekasirika, akikasirika unamtoza kuku, na kuku huyo unampika kwa nazi mbele yake. Umetembea mji mzima ukitafuta mahali ambapo hakuna mtani, na mahali pekee ambapo unaweza kuingia bila hodi ni kwa mtani!

Kodi usiifanyie utani. Kelele zikiisha, kaeni ndani wewe na yeye, Swaumu awepo na mtu mmoja wa makamo awe shahidi, mkubaliane kama watu wazima, kisha ndio ujaze ule mstari wa Bwana Afya. Andika "Isevya, barazani kwa fundi Shaban" na uandike kwa wino.

Unaogopa watani watakula bure? Siku ya kwanza watakula bure, ndiyo, na Ngollo atakula mara mbili. Siku ya pili atakayekuja na bakuli bila senti mvue kiatu, umwambie kiatu kiko jikoni kinapika, na yeye aoshe vyombo ndio kitoke. Siku ya tatu atakuja na senti zake, nakuahidi, maana hakuna anayependa kurudi nyumbani akichechemea. Nao wengine wasio watani watalipa tangu siku ya kwanza. Makarani watakuja, Waha wanaopita kwenda kwenye mkonge watakuja, Waarabu wa sokoni watakuja, wote waje kusikia Mzaramo na Mnyamwezi wanavyochambuana, na mtu hawezi kusikiliza kwa saa nzima bila kuagiza sahani.

Sufuria ziwe mbili. Moja kisamvu cha nazi, yako, kama alivyopika mama yako, na usipunguze hata tui kidogo kumfurahisha mtu. Nyingine kisamvu cha karanga, ya Swaumu. Waacheni wateja wagombane ipi tamu, ninyi mkae kimya mgawe. Na ubao uandike upya, HOTELI YA MZARAMO, herufi kubwa zionekane kutoka sokoni. Mkeo hakuupasua ule wa kwanza kwa hasira ya mjukuu wa watu peke yake. Aliupasua kwa sababu alikubali kuolewa na Mzaramo, akamkuta barazani Mmanyema wa Ngerengere.

Unasema ulimi unakauka. Haya, nakukopesha matatu ya kuanzia, uyakariri leo jikoni mbele ya hizo nazi unazozungumza nazo. Mwambie Shaban kwamba babu yake alipofika pwani mara ya kwanza alijaza bahari kwenye kibuyu akampelekea mkewe akidhani ni mchuzi. Mwambie babu yako ndiye aliyemwelekeza njia ya kurudi, la sivyo mpaka leo ukoo wao wote ungekuwa Bagamoyo unazunguka mnazi. Mwambie suruali anazoshona mguu mmoja unafika sokoni wakati mwingine bado uko Isevya. Hayo yakiisha utaona mengine yanakuja yenyewe. Maneno uliyoyameza miaka kumi na minne yapo humo tumboni, hayajaenda popote.

Ile barua uliyomwandikia kaka yako, kama bado iko posta, kaiombe uichane. Kama imeshaondoka, mwandikie nyingine kwamba hurudi, na kwamba akitaka kukuona alete gunia la nazi na alikalie mwenyewe njia nzima.

Basi kesho asubuhi usizunguke msikiti. Beba ile sufuria kubwa, Swaumu abebe mkeka, mnyooke njia ya stesheni mpaka kwa Shaban kabla hajakifunua cherehani chake. Usimwamkie, ole wako umwamkie. Atakapokuona atafungua kinywa, na wewe umtangulie, umwite mtumwa kwa sauti ya kusikika sokoni. Ulimi ukikauka, sema hivyohivyo. Usikimbie, simama hapo na sufuria yako na mkeo. Halafu mwangalie usoni. Akicheka, tua sufuria chini. Umeshafika kwenu.